Kaka ananitaka darasani, Mzee ananitaka kwenye seva: nishike lipi?

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Mimi ni mwanamke wa miaka 28, na nimeajiriwa katika kitengo cha kompyuta cha taasisi moja ya ukubwa wa kati. Kazi yangu ni kuwahudumia watumiaji: mtu akisahau nywila, printa ikigoma au barua pepe isipofunguka, simu inaita mezani kwangu. Kazi hii naiheshimu, lakini moyo wangu uko chumba cha pili, kwenye seva, zile kompyuta zinazobeba barua pepe, tovuti na data za taasisi. Nataka kuwa msimamizi wa mifumo ya kompyuta, yaani yule anayezijenga seva, anayezilinda, anayetunza nakala rudufu za data, na anayejua pa kuanzia zinaposimama. Ninachoshindwa kuamua ni njia ya kufika huko.

Kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki, amenitafutia kozi ya mwaka mmoja inayofundishwa jioni. Ndani yake kuna mifumo ya kuendeshea seva ya Linux na Windows Server, mitandao na misingi ya usalama, na mwishoni wanafunzi huandaliwa kwa mitihani ya vyeti vya kimataifa. Amejitolea kulipa nusu ya ada, nami nimalizie nusu nyingine kwa akiba yangu, ambayo itakwisha yote. Kaka ni mhasibu, na machoni pake ujuzi usio na cheti ni kama matumizi yasiyo na stakabadhi. Anataka jibu kabla usajili haujafungwa mwishoni mwa mwezi ujao.

Kazini kwetu yupo msimamizi wa mifumo ambaye sote tunamwita Mzee. Hajawahi kukaa katika darasa la kompyuta hata siku moja, lakini seva zote za taasisi amezijenga yeye. Amebakiza muda mfupi astaafu, na ameniambia kwamba nikikubali kubaki naye jioni baada ya kazi, atanifundisha yote anayoyajua na kunipa nywila za seva nijifunzie humo humo. Nilipomtajia kozi alicheka. "Hizo zinafundisha kufaulu mtihani," alisema. "Seva haiulizi maswali ya kuchagua jibu." Jioni za Mzee ndizo jioni za darasa, kwa hiyo siwezi kushika yote mawili.

Kuna jambo lililonifanya nielekee upande wa Mzee. Nilikuwa nimekwisha kumaliza mafunzo ya Linux ya kwenye intaneti, ya video na maswali, na nilipata alama nzuri. Kisha asubuhi moja Mzee hakuwepo, na seva ya barua pepe ikaacha kupokea ujumbe. Niliketi mbele ya dirisha la amri nikiwa na amri nyingi kichwani, lakini sikujua niitangulize ipi. Nilipompigia Mzee simu aliuliza swali moja tu: "Diski imejaa kiasi gani?" Ilikuwa imejaa kabisa, na tatizo likawa limepatikana. Siku ile niliona kwamba alama zangu zote hazikuwa na thamani.

Lakini lipo jingine lililonirudisha nyuma. Taasisi ilipohamishia tovuti yake kwenye seva mpya, baadhi ya watu waliendelea kuiona ile ya zamani kwa saa nyingi, na simu zikamiminika mezani kwangu. Nilimwuliza Mzee sababu, akasema, "Subiri hadi kesho, ndivyo lilivyo." Kweli kesho yake mambo yalikaa sawa. Baadaye nilisoma kwamba kila rekodi inayounganisha jina la tovuti na anwani ya seva yake hubeba muda wake wa kuishi, yaani muda ambao seva nyingine zinaruhusiwa kuikumbuka, na kwamba mtu anaweza kuupunguza kabla ya kuhama ili usumbufu uwe mfupi. Nilijiuliza, kama Mzee hajalijua hilo miaka yote hii, nami nitabaki bila kujua mangapi?

Matangazo ya kazi ninayoyasoma yanataka cheti na yanataka uzoefu, yote kwa pamoja. Nikimkatalia kaka, nitaonekana sina shukrani. Nikimkatalia Mzee, ataondoka na elimu yake. Na nikiwatazama vijana wadogo kuliko mimi wanaosema wamejifundisha wenyewe kila kitu, naona kama nimechelewa tayari. Naomba unisaidie kufikiri.

Aliye Njia Panda

MSHAURI ANAJIBU

Ndugu yangu Uliye Njia Panda,

Marahaba. Nimeisoma barua yako kwa utulivu, na kabla ya yote nataka nikuambie kwamba ni barua ya mtu ambaye tayari anafikiri kama msimamizi wa mifumo. Umeleta malalamiko mawili, moja dhidi ya kozi na moja dhidi ya uzoefu, na kila moja umelisindikiza na ushahidi. Wengi huja na hisia tu.

Nikuelewe hivi: unayo akiba inayotosha jambo moja, jioni zinazotosha jambo moja, na watu wawili unaowaheshimu ambao kila mmoja amekufungulia mlango na kukuomba uufunge wa mwenzake. Juu ya hayo kuna tarehe mbili zinazokimbia, ya usajili na ya kustaafu kwa Mzee. Mtu yeyote angebanwa na hali hiyo. Hata hivyo, naomba tuyatazame upya baadhi ya mambo uliyoyachukua kuwa hayabadiliki, kwa sababu nadhani fundo lako limekazwa na mawili au matatu kati ya hayo.

Tuanze na asubuhi ile ya diski. Wewe umehitimisha kwamba alama zako hazikuwa na thamani. Mimi nasoma tofauti. Mafunzo yalikupa amri. Alichokuwa nacho Mzee ni mpangilio wa kuuliza. Mbele ya seva iliyosimama, msimamizi mzoefu hutanguliza maswali mepesi yanayofuta uwezekano mwingi kwa mara moja: nini kimebadilika tangu jana, mashine iko hai, diski ina nafasi, kumbukumbu ya kazi (RAM) inatosha, huduma yenyewe inaendeshwa, faili za kumbukumbu (logi) ambamo programu huandika yanayotokea zinasema nini katika dakika za mwisho, mtandao unafika, majina ya tovuti yanageuzwa kuwa anwani. Mpangilio huo kozi nyingi haziufundishi, kwa kuwa kozi hupangwa kwa mada na matatizo hayaji kwa mada. Mzee aliupata kwa kukutana na diski nyingi zilizojaa. Hakuuliza swali lile kwa kipaji.

Sasa endelea na mfano huo huo hatua moja mbele, maana hapo ndipo penye mafunzo makubwa. Tuseme umeangalia kwa df, amri inayoonyesha nafasi iliyobaki, ukaona diski imejaa, ukaifuta faili kubwa ya logi, kisha ukaangalia tena na diski bado imejaa vile vile. Mtu aliyejifunza kwa mazoea atawasha seva upya, nafasi itarudi, naye ataandika moyoni kwamba dawa ni kuwasha upya. Aliyesoma atajua kwamba katika mifumo ya jamii ya Unix, Linux ikiwemo, jina la faili na maudhui yake ni vitu viwili. Ulichofuta ni jina, lakini programu iliyokuwa ikiandika humo bado imeishikilia faili wazi, na nafasi haitaachiliwa hadi programu hiyo iifunge au ianzishwe upya, yenyewe peke yake, bila kuizima seva nzima. Au tuseme df inaonyesha nafasi tele, lakini mfumo unakataa kuunda faili mpya. Huyo wa mazoea atachanganyikiwa, ilhali aliyesoma atajaribu df -i na kuona kwamba ainodi zimekwisha, yaani nafasi za kuorodhesha faili, pengine kwa sababu ya mamilioni ya vijifaili vilivyoachwa na programu moja isiyofanya usafi.

Nakueleza haya kwa urefu kwa sababu jibu la Mzee la "subiri hadi kesho" ni la aina hiyo hiyo. Mazoezi yasiyosindikizwa na maelezo humpa mtu tuzo kila anapoifanya dalili itoweke, hata kama hajaelewa kilichotokea. Rekodi ya jina ikiwa na muda wa kuishi wa sekunde 86,400, ambazo ni siku nzima, seva za majina kwingineko zina haki ya kushikilia anwani ya zamani kwa muda huo. Ukiushusha muda huo hadi sekunde 300 siku moja au mbili kabla ya kuhama, wengi wataiona tovuti mpya ndani ya dakika chache. Mzee hakuhitaji kulijua hilo kwa kuwa kesho ilifika kila mara. Simlaumu. Ila simu zilizoita mezani kwako siku ile zilikuwa gharama ambayo yeye hakuilipa, na ndiyo maana wewe ulitafuta sababu naye hakuitafuta.

Kwa hiyo hadithi zako mbili hazinionyeshi kwamba kozi ni bora au kwamba mazoezi ni bora. Zinanionyesha kwamba wewe hujifunza pale kitu kinapovunjika mbele yako na ukapata pa kuuliza kwa nini. Swali ninalokuomba ubaki nalo ni hili: kati ya hayo uliyoahidiwa, ni wapi vitu vitavunjika mikononi mwako, na ni wapi "kwa nini" itajibiwa?

Ukiichukua kozi kwa swali hilo, usiridhike na jina lake. Alichosema Mzee kuhusu maswali ya kuchagua ni kweli kwa baadhi ya mitihani, wala si kwa yote. Cheti cha LPIC-1 cha usimamizi wa Linux, kwa mfano, kina mitihani miwili yenye maswali 60 kila mmoja, ya kuchagua na ya kujaza, kwa dakika 90. Mtihani wa RHCSA wa Red Hat, kampuni yenye aina yake ya Linux, ni jambo jingine kabisa: unakabidhiwa mashine na orodha ya kazi za kufanya, huna intaneti, una miongozo iliyomo ndani ya mfumo wenyewe tu, na ulichokiweka kinatakiwa kibaki kinafanya kazi mashine ikiwashwa upya. Huo mtihani hata Mzee wako angeuheshimu. Basi nenda chuoni kabla ya kulipa chochote, uombe kuona chumba cha mazoezi, na uulize ni saa ngapi kwa wiki mwanafunzi anaketi mbele ya mashine yake mwenyewe na kama anaruhusiwa kuiharibu.

Uliza pia mtaala ulisahihishwa lini. Ukisikia kwamba wanaandaa watu kwa vyeti vya MCSA vya mifumo ya Windows, jua kwamba Microsoft ilivisitisha Januari 2021. Ukikuta mazoezi yote yanafanyika kwenye CentOS 7, toleo mojawapo la Linux, jua kwamba msaada wake ulikwisha Juni 2024. Mambo hayo hayafanyi elimu yote kuwa bure, maana misingi ni ile ile, lakini yanakuambia ni nani anayekufundisha. Na usisahau kwamba vyeti vina umri: vya Red Hat na vingi vya CompTIA, shirika jingine linalotoa vyeti vya kompyuta, hudumu miaka 3, na LPIC-1 miaka 5. Akiba yako ikiisha yote leo, umeweka kiasi gani kwa ajili ya kukihuisha?

Faida ya kozi usiidharau, hata hivyo. Kuna mada ambazo karibu hakuna anayezichagua akiwa peke yake kwa kuwa hazina raha: kugawa anwani za mtandao, ruhusa za faili, mipangilio ya hifadhi, namna mashine inavyoamka tangu inapobonyezwa hadi inapokuomba nywila. Ratiba na mwalimu hukulazimisha upite humo. Vijana unaowaonea wivu kwa kujifundisha kila kitu, wengi wao wameruka hapo hapo, na pengo huonekana siku ambayo seva haiwaki kabisa na hakuna dirisha la kuandikia swali. Cheti nacho kina kazi moja ambayo hakuna kitu kingine kinachoifanya vizuri, nayo ni kuzungumza kwa niaba yako mbele ya mtu asiyekujua.

Sasa tuje kwa Mzee, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Yapo mambo mawili katika ahadi yake yanayonitia wasiwasi, na hakuna hata moja linalohusu nia yake.

La kwanza ni nani atakayeshika kibodi. Kukaa kando ya fundi ukimtazama anavyoandika amri kwa kasi ya miaka 20 au 30 hukufanya uone kwamba umeelewa, kwa sababu kila hatua inaonekana ya kawaida ikifanywa na mwingine. Ni udhaifu ule ule wa video zako, isipokuwa huyu ni mtu hai. Mwombe akuachie ufanye wewe, polepole, naye akae kimya hadi utakapouliza, na uone kama anaweza kuvumilia. Mabingwa wengi hawawezi.

La pili ni zile nywila. Umeandika kana kwamba kupewa nywila za seva zinazotumika ni zawadi. Mimi naona ni mzigo, tena usio na karatasi. Ndani ya seva hizo kuna barua za watu, mishahara yao na kazi zao. Ikitokea hitilafu jioni moja ukiwa na nywila ya root, akaunti yenye mamlaka yote ya seva, uliyopewa kwa mdomo, utaeleza nini kwa mkuu wa kitengo? Hata wenye uzoefu na ruhusa kamili huteleza. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi mmoja wa kampuni ya GitLab, akifanya kazi usiku kurekebisha kanzidata, alifuta saraka ya data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ile ya pili. Aligundua ndani ya sekunde chache, lakini kati ya gigabaiti 300 hivi zilibaki 4.5 tu. Walipozitafuta nakala rudufu, walikuta kwamba zile zilizopaswa kutengenezwa kila siku zilikuwa zimeshindwa kwa muda kwa sababu ya tofauti ya matoleo ya programu, na barua pepe za kuonya zilikuwa zikikataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi huyo huyo alikuwa ameichukua kwa mkono saa 6 hivi kabla, na data ya saa hizo ikapotea. Kampuni ilichapisha yote hayo hadharani, jambo linalostahili sifa, na ndiyo sababu sisi tunaweza kujifunza kutokana nalo. Nakusihi, swali la kwanza utakalomwuliza Mzee lisiwe la amri yoyote; liwe ni lini mara ya mwisho aliporejesha faili kutoka kwenye nakala rudufu ili kuhakikisha zinarejesheka.

Kutoka hapo nauona uwezekano ambao barua yako haikuugusa. Umekubali bila kuhoji kwamba mafunzo ya Mzee ni fadhila yake kwako, na kwa hiyo lazima yafanyike baada ya kazi. Lakini mtu pekee anayezijua seva zote za taasisi anakaribia kustaafu. Hilo ni tatizo la taasisi kabla halijawa nafasi yako. Ungeweza kumwendea mkuu wa kitengo, kwa adabu na kwa maandishi, ukapendekeza kwamba sehemu ya saa zako za mchana itumike kuandika mwongozo wa mifumo iliyopo pamoja na Mzee: kila seva inafanya nini, inategemea nini, nakala zake ziko wapi, inafufuliwaje. Mchana, kwa idhini, na kwa akaunti yako mwenyewe yenye mamlaka yaliyopimwa, jambo ambalo linawalinda nyote wawili. Jioni zako zingebaki huru kwa lolote. Hatari yake ni kwamba mkuu anaweza kukataa, au anaweza kukubali kwa maneno huku simu za printa zikiendelea kuita kama kawaida, na Mzee naye anaweza kuhisi kwamba umempitia juu. Kwa hiyo mzungumze na Mzee kwanza, na ikibidi wazo hilo liende kwa mkuu kama lake.

Na kozi nayo ina mlango wa pembeni. Mitihani niliyokutajia, pamoja na ya CompTIA, haimtaki mtahiniwa awe amesoma chuo fulani. Anayejiona tayari anajisajili na kufanya. Maana yake ni kwamba cheti anachokitaka kaka yako na kozi aliyokutafutia ni vitu viwili vinavyolipiwa tofauti. Mtu mwenye kompyuta mpakato ya kawaida anaweza kuweka programu ya VirtualBox bila malipo, akajenga humo mashine pepe mbili, yaani kompyuta za kuigiza ndani ya kompyuta yake, zenye Debian, aina mojawapo ya Linux, isiyo na madirisha ya picha, kila moja na gigabaiti 1 ya RAM, akahifadhi picha ya hali ya mashine kabla ya kuanza, kisha akaziharibu kwa makusudi. Andika mstari wa makosa ndani ya /etc/fstab, faili inayoiambia mashine ni diski zipi za kufungua inapoamka, uone mashine inavyogoma kuamka. Jifungie nje kwa kanuni mbaya ya ngome ya mtandao (firewall). Jaza diski, kisha jaza ainodi. Futa data na uirejeshe. Jioni moja ya namna hiyo inaweza kukufunza zaidi ya wiki ya video, na ukikosea hakuna anayeumia.

Lakini hapo ndipo penye upungufu wake pia: hakuna anayeisubiri. Maabara ya nyumbani haina mtumiaji mwenye haraka, haina mpangilio wa ajabu ulioachwa na mtu aliyeondoka, wala haina saa za usiku. Pia haina wa kukuuliza umefika wapi, na wengi huanza kwa moto kisha wakazima kimya kimya. Unajijua kuliko ninavyokujua: mafunzo yale ya video uliyamaliza kwa sababu uliyapenda, au kwa sababu yalikuwa na alama na mwisho? Jibu lako la kweli hapo lina uzito zaidi ya maoni yangu.

Kuhusu kuchelewa, sitakaa sana. Unix ilianza mwaka 1969, mfumo wa majina ya mtandao mwaka 1983 na Linux mwaka 1991, na mengi utakayojifunza mwanzoni yametoka huko. Ujuzi unaodumu hivyo haumkimbii mtu wa miaka 28. Zaidi ya hayo, wewe unajua seva iliyosimama inavyoonekana kutoka upande wa mtu anayeitegemea, elimu ambayo wasimamizi wengi hawana na wangepaswa kuwa nayo.

Limebaki la kaka yako. Sidhani kwamba anapenda kozi. Nadhani anaogopa siku ambayo utahitaji kazi mahali ambapo hakuna anayekufahamu, na kwa mtu aliyekulea hofu hiyo ni ya haki. Kabla ya kumpa ndiyo au hapana, mkalishe umweleze ulichokikuta chuoni na alichosema mkuu wako, kisha umwulize kama ile nusu ya ada ni kwa ajili ya kozi au ni kwa ajili yako. Pengine atasema kozi na si vinginevyo, na hapo utakuwa na uamuzi mgumu lakini ulio wazi. Pengine atakubali nusu hiyo ikae hadi ujaribu mtihani mmoja peke yako, au ulipie muhula mmoja tu kama chuo kinaruhusu, huku akiba yako ikibaki na kitu ndani yake. Kama utaamua kwenda darasani moja kwa moja, nenda bila kujiona umemsaliti Mzee, na umwombe saa zake chache za mwisho wa juma. Kama utaamua kubaki na Mzee, basi jiwekee tarehe ya mtihani mapema, ili akiondoka usibaki na ujuzi usiosomeka popote.

Usajili unafungwa mwishoni mwa mwezi ujao, kwa hiyo una muda wa kuonana na watu hawa watatu, na mimi ningeanza na Mzee kwa sababu yeye ndiye anayeondoka. Ukishazungumza nao niandikie tena, hata kama majibu yao yatakuwa yameyavuruga haya yote niliyokueleza.